Ukurasa Aliotokea Masalu

Suzana alimzika shemeji yake mtarajiwa akiwa hai, na wala hakushika jembe. Alitumia kompyuta.

Hakukusudia. Hakuna mahali alipoandika kwamba Masalu amekufa. Alifuta ukurasa mmoja tu, kwa sababu kurasa zilikuwa zimezidi.

Kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kurasa. Katika chumba cha kupanga pale Nyahanga, mjini Kahama, ukuta kwa ukuta na saluni ya Lusia, Suzana alitengeneza karaseli, zile kurasa za mtandaoni ambazo mtu huzivuta kwa kidole moja baada ya nyingine kama anafunua kitabu kidogo. Hakutengeneza za mitindo ya nguo wala za umbea. Zake zilikwenda kwenye ule mtandao wa watu wa kazi, ambako wahasibu, wapima ardhi na wahandisi wa migodi huvaa suti kwenye picha na kusubiri kuonekana na waajiri. Wateja walimletea maneno makavu kama mabua ya mtama, yeye akayatia maji. Wote aliwaambia neno moja: ukurasa wa kwanza ni wa kukamata kidole. Kidole kikipita, umemkosa mtu. Kila ukurasa wazo lake. Herufi ziwe kubwa, mtu asome akiwa kwenye foleni ya benki. Picha ikatwe katikati, nusu huku na nusu kule, ili macho yadai nusu iliyobaki. Na kurasa zisiwe nyingi, maana kidole nacho huchoka.

Mihayo alikuwa mteja kabla hajawa mchumba. Alifundisha usalama kwa wachimbaji wadogo upande wa Geita. Mwanaume mrefu, mpole, anayecheka kwa mabega kabla sauti haijatoka. Siku ya kwanza alileta somo la matimba, yale magogo yanayoegemezwa ndani ya duara, lile shimo refu la dhahabu, ili ardhi isiwafunike wachimbaji. Somo lilikuwa zuri na lilikuwa la kulaza watu usingizi.

"Hili jambo wewe limekuuma wapi?" Suzana alimuuliza.

Mihayo akamsimulia habari za kaka yake, Masalu. Matimba yalivunjika, duara likamfunika kutwa nzima, wenzake wakafukua kwa mikono na majembe hadi wakamtoa. Alipofika mwisho wa hadithi alikuwa ameshika mkono wa Suzana bila kujua, na Suzana hakuutoa. Mapenzi yao yalianzia hapo. Mama yake Mihayo, kule Kishapu, alikataa muda mrefu: hakumtaka Msumbwa wa Ushirombo, mtoto wa misheni ambaye kazi yake ni kuchezea simu. Mwisho alikubali, barua ya posa ikaenda, ikapokelewa.

Ndipo kampuni moja ya uchimbaji ikatangaza nafasi ya mkufunzi wa usalama. Suzana akatengeneza karaseli ya kumuuza mchumba wake. Ukurasa wa kwanza ulisema: *Kaka yangu alishuka duarani asubuhi.* Uliofuata, matimba yanalia. Halafu vumbi. Halafu wenzake wanaita jina lake, kimya. Halafu ukurasa ambao Masalu anatoka, tope mwili mzima, meno nje. Baada ya hapo masomo, na mwisho ombi: *Duara lako lina matimba ya namna gani? Niandikie.*

Zilizidi. Akatazama ni ukurasa upi uondoke, akauondoa ule wa Masalu kutoka. Na tuseme kweli, bila ukurasa ule kidole hakikupoa. Watu walivuta, wakalia, wakawatumia wenzao. Mihayo akaitwa kwenye usaili, akapita. Angesaini mkataba Jumatatu.

Masalu alikuja Ijumaa, saa saba mchana, jua likiwa limesimama juu ya mabati.

Mlango ulikuwa wazi. Lusia alikuwa amekaa kibarazani akimsuka mteja, na Lusia hakuwahi kumwacha mtu apite bila kumtania, awe mchungaji au kichaa. Siku hiyo hakuinua kichwa. Suzana alianza kusikia harufu: udongo mbichi, udongo wa chini kabisa usiojua jua. Mvua haikuwa imenyesha Kahama tangu Mei. Aligeuka. Masalu alikuwa tayari amekaa kwenye benchi la wateja, kofia mapajani.

"Yesu wangu! Shikamoo shemeji. Umeingia saa ngapi? Sikusikia hata hodi."

"Marahaba. Nimepiga hodi mara nyingi tu." Sauti yake ilitoka mbali kidogo, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. "Siku hizi hakuna anayenisikia."

"Nikuletee maji?"

"Ngoja kwanza. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, shemeji. Mimi nilikufa lini?"

Suzana alicheka. Alicheka peke yake, akaacha.

"Mbwa wangu hanibwekei tena wala hanijii," Masalu alisema taratibu, kama mtu anayehesabu mifugo yake. "Nikipita kwenye makarasha ya kusagia mawe, vijana wanazima mashine mpaka nipite. Wenzangu hawashuki na mimi. Wanasema mtu akishaliliwa, ukishuka naye duara linadai mwili wake, na likishafunguka kinywa halichagui. Mwenye duara kanipa mkono, kaniambia, 'Pumzika, Masalu.' Unaambiwa pumzika na mtu aliyevua kofia, shemeji?"

"Shemeji, wale ni washamba tu, hawajui kusoma mpaka mwisho…"

"Mwisho upo? Nimeambiwa haupo."

Suzana alitazama kompyuta.

"Mama amenyoa," Masalu akaendelea. "Kijana wa jirani alisoma kwenye simu, akaupeleka msiba pale nyumbani. Wanawake wakaja na kilio, moto ukazimwa jikoni, mama akanyolewa kichwa chote. Nikapanda gari la kwanza kwenda Kishapu ili anione. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia, 'Mayu, ni mimi.' Unajua alinijibu nini?"

"Alisemaje?"

"'Umekuja kuchukua nini?'"

Nje upepo ulipitisha vumbi, bango la saluni likagonga ukuta mara kadhaa. Suzana alitazama miguu ya Masalu. Ndala zake zilikuwa zimeacha alama kutoka mlangoni hadi benchini, nyekundu na mbichi.

"Nisomee walichoandika watu," Masalu alisema. "Mimi kusoma kwangu ni kwa kuokoteza. Nataka kusikia nilivyoliliwa."

Suzana alifungua akaunti ya Mihayo. Neno la siri alikuwa nalo, lakini majibu hakuwahi kuyagusa. Walikubaliana yeye ashughulikie kurasa na Mihayo aongee na watu. Alijua kuna waliokosea kuelewa, na Mihayo alimwambia anawaelewesha mmoja mmoja. Alisoma pole ya kwanza. *Pole sana ndugu yangu, kaka apumzike kwa amani.* Chini yake Mihayo alikuwa amejibu. Suzana alisoma jibu lile kimoyomoyo.

"Soma, shemeji."

"Ni… pole tu, za kawaida."

"Nauliza mdogo wangu alijibu nini."

"Amejibu…" Ilimbidi aanze upya. "'Asante. Kazi ya Mungu haina makosa.'"

Alivuta chini. Pole, asante. Pole, asante, tuombeane. Pole, asante, tulimpenda ila Mungu alimpenda zaidi. Masalu alitikisa kichwa polepole, bila hasira, kama mzee anayesikia hukumu aliyoitarajia.

"Tunaimaliza sasa hivi," Suzana alisema, akanyanyua simu. "Nakupiga picha hapo hapo, naiweka mtandaoni, kila mtu akuone. Tabasamu, shemeji."

Masalu akatabasamu. Suzana akaelekeza kamera. Kile kisanduku cha njano kinachotafuta sura za watu kilizunguka kwenye kioo, kikapita juu ya Masalu, kikapanda ukutani, kikatulia kwenye kalenda ya parokia, usoni mwa padre. Akasogea karibu. Kikapita tena. Akamwomba Masalu ahamie mlangoni kwenye mwanga. Kisanduku kikakimbilia kwa padre.

"Vipi?" Masalu aliuliza.

"Kamera hii ina vumbi," Suzana alisema, akaifuta kwa kidole.

Ndipo alipomsikia Mihayo akimtania Lusia nje. Moyo wake uliruka kama kila siku. Mapenzi hayana adabu, hayaulizi hali ya hewa. Mihayo aliingia na soda mbili baridi, shati jeupe, mabega yakicheka. Akampita kaka yake pale mlangoni, hatua moja tu kati yao, akambusu Suzana kwenye paji la uso.

"Mpenzi, mbona uko peke yako na umekunja uso hivyo?"

"Mihayo," Suzana alinong'ona. "Msalimie kaka yako."

"Kaka gani?"

"Hata wewe?" Masalu alisema nyuma yake.

Soda moja ilianguka, ikavunjika. Mihayo aligeuka, akaegemea meza. Soda ilitiririka sakafuni, ilipozifikia nyayo zile nyekundu ikazizunguka.

"Kaka… shikamoo. Sikukuona. Jua la nje lile, macho…"

"Marahaba. Pole na msiba."

"Kaka, usiongee hivyo."

"Si ndivyo unavyoongea wewe? Shemeji kanisomea. Mungu alinipenda zaidi."

Mihayo alimtazama Suzana, na Suzana akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona machoni mle: mtu aliyefumaniwa anayetafuta mlango.

"Uliniambia unawaelewesha," Suzana alisema.

"Nilianza. Kweli nilianza. Halafu yule bosi wa kampuni naye akaandika pole. Ningemjibuje? Ningemwambia karaseli iliyokuliza ni nusu?"

"Na kwenye usaili?"

"Waliniuliza habari za marehemu."

"Ukasemaje?"

"Sikusema uongo, Suzi. Niliinamisha kichwa tu. Nilikaa kimya."

Neno hilo lilimchoma Suzana mahali pake, maana hata yeye hakuandika uongo. Alikaa kimya kwa ukubwa wa ukurasa mmoja.

"Nazifuta," alisema.

"Rudisha tu huo ukurasa mahali pake, yaishe."

"Karaseli ikishapanda haichomekwi ukurasa. Ni kufuta yote, maneno ya watu yote yaende, tuanze upya. Tena tuseme yuko hai na tulinyamaza."

"Basi subiri Jumatatu. Nisaini kwanza. Jumatatu jioni futa, choma, fanya unavyotaka." Aliweka chini soda iliyobaki, akamshika mkono, taratibu, vile vile alivyomshika siku ile ya matimba. "Unafikiri nafanya haya kwa ajili ya suti? Ng'ombe wa mahari watatoka wapi? Mama alikukataa mpaka watu wakachoka kumbembeleza. Nimepigana na ukoo mzima kwa ajili yako. Nakuomba siku mbili tatu tu, mpenzi wangu. Kaka amesimama hapo, anaongea, ana njaa, ana hasira. Mtu mfu ana hasira?"

Mkono wake ulikuwa wa joto. Suzana alitaka sana kusema ndiyo. Tuseme hilo bila kumwonea: alikuwa na miaka thelathini na ushei, alishakata kitambaa cha harusi, na alimpenda mwanaume huyu kwa namna ambayo akiwa mbali alikuwa akisikiliza sauti yake kwenye simu hata kama anasoma orodha ya misumari.

"Simama karibu na kaka yako," alisema.

"Ya nini?"

"Simama."

Ndugu wawili walisimama bega kwa bega. Suzana aliinua simu, akawasha kamera ya mbele, akamgeuzia Mihayo kioo ili aone mwenyewe. Kisanduku kimoja kilikaa usoni mwa Mihayo. Kingine kilikaa kwa padre. Masalu alisimama katikati yao akitabasamu bila kisanduku.

"Simu yako mbovu," Mihayo alisema, lakini alisema kwa sauti ya mtu asiye na mate.

Simu yake mwenyewe ikaita. Ilikuwa ni Mama Masalu kutoka Kishapu. Mihayo aligusa kioo vibaya, sauti ikatoka nje wote wakaisikia.

"Mihayo, ng'wanawane, mwanangu."

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona humwambii kaka yako alale? Amesimama zizini tangu asubuhi. Ng'ombe hawataki kutoka."

Masalu alikaa benchini kwa uzito.

"Mama," Mihayo alisema, "Masalu yuko Kahama. Yuko hapa na mimi."

"Huko nako yuko? Basi ndivyo wanavyokuwa." Mama hakuonekana kushangaa. "Na huyo Msumbwa wako mwambie asije msibani. Nilimpa moyo wangu, akaniziki­a mwanangu. Hatapika kwenye jiko langu. Mimi nikiwa hai, hapiki."

Simu ilikatika.

Suzana alikaa kwenye kiti chake, akavuta kompyuta.

"Suzana." Mihayo hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. "Ukibonyeza hapo, mimi na wewe hatuna kitu. Sitakuwa na kazi, sitakuwa na jina mbele ya watu, na mama ameshakukataa. Nitakuoa kwa mdomo gani? Fikiri. Ni mimi, Suzana. Ni mimi Mihayo."

"Najua ni wewe."

"Basi nichague."

"Ningekuchagua," Suzana alisema, machozi yakimshuka. "Lakini yeye yuko chini, Mihayo. Wewe uko juu."

Mashine ilimuuliza kama ana uhakika. Zile mashine huuliza hivyo kwa kila jambo, kubwa na dogo, kwa sauti ile ile. Akabonyeza.

Kurasa zote zikapotea, na maelfu ya pole pamoja nazo. Kwa kitambo chumba kilibaki kama kilivyokuwa: kalenda, feni, soda sakafuni. Kisha Masalu akaanza kukohoa. Alikohoa kama mtu anayefukuliwa, kutoka tumboni, ameshika magoti, mpaka Mihayo akamkimbilia na kumpiga mgongoni akilia, "Kaka! Kaka!" Alichotemea kwenye leso kilikuwa udongo mwekundu, wa kujaza kiganja.

"Maji," Masalu alisema. Sauti ilikuwa pale pale chumbani.

Lusia alichungulia mlangoni, chanuo nywelani. "Wee Suzana! Una shemeji mzuri hivi umemficha? Baba, karibu, ila kikohozi hicho nenda hospitali."

Mihayo aliufuta uso wa kaka yake kwa mkono wa shati jeupe. Alimnywesha maji. Halafu alisimama, akamtazama Suzana muda mrefu, mtazamo wa mtu anayetaka kukariri kitu kabla hakijaondolewa, akatoka bila kuaga.

Jioni ile Suzana alitengeneza karaseli fupi kuliko zote alizowahi kutengeneza. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya Masalu akinywa maji, na mwingine ulisema kwamba yuko hai, kwamba ukweli huo uliondolewa na aliyetengeneza kurasa, na kwamba mwenye akaunti alinyamaza. Alimtumia Mihayo kwanza. Mihayo alijibu neno moja, "Weka." Wachache sana waliivuta.

Iligharimu haya. Kampuni iliandika kwamba nafasi imepata mtu mwingine, na Mihayo akarudi kufundisha vijana chini ya maturubai kule machimboni, ambako nusu ya wanafunzi walimwita Marehemu kwa mdomo wa pembeni. Mshenga alifunga safari hadi Ushirombo, akamwambia baba yake Suzana maneno ya heshima, na posa ikaisha. Wateja wa heshima walimkimbia Suzana. Waliobaki walikuja wakimwomba awazikie mtu kidogo tu, kwa ajili ya ukurasa wa kwanza, akawafukuza mpaka akabaki anachapa barua na kadi za mialiko. Mama Masalu alimpokea mwanawe, akawasha moto upya, lakini akimpa chakula huweka chini kwanza, anasogea nyuma, ndipo anamwambia ale. Masalu hakushuka duarani tena, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoijua.

Na Mihayo. Walikutana stendi ya Kahama wakati wa pamba, yeye anashuka, Suzana anampokelea mteja mzigo. Alikuwa amekonda. Alimtazama kama zamani, mabega yakataka kucheka, yakasita.

"Habari za kazi, dada?" alisema.

"Nzuri, kaka," Suzana akamjibu.